Ghorofa ya Tatu na Nusu: Safari ya Mjukuu Wetu, Mpiga Fidla

Ndugu, majirani, walimu, wapiga muziki na wote mliofanya naye kazi, familia inawashukuru kwa kufika na kwa kutulia, ili tumsimulie mtoto wetu akiwa bado yuko mbele yetu. Maneno haya ni ya bibi yake, mama wa mama yake, aliyemlea tangu akiwa na miezi minane, tarehe zote ni za mama yake mzazi, muuguzi, ambaye huandika daftarini hata siku bomba la maji lilipopasuka, na anayesoma ni mjomba wake, kwa sababu bibi alijaribu kusoma mwenyewe jana sebuleni, akafika mstari wa tatu, sauti ikamwacha. Ameomba yasomwe kama alivyoyasema, bila kunyooshwa.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Aprili 1981, saa mbili na dakika kumi asubuhi, katika wodi ya wazazi ya hospitali kuu, akiwa mtoto wa kwanza na wa pekee wa fundi saa na muuguzi, na alizaliwa kimya, macho wazi, hakulia, mpaka mkunga akasema kwa sauti ya kuwatuliza wenzake, "Huyu anasikiliza kwanza, kusema atasema baadaye," na bibi yake, aliyekuwa amesimama nje ya mlango wa wodi, roho mkononi, akausubiri ule mlio wa kwanza kwa muda ambao mpaka leo hajui kama ulikuwa dakika moja au saa nzima. Kumbe siku ile alikuwa anaonyeshwa kazi yake, ya kusimama nyuma ya mlango wa mtoto huyu na kusubiri sauti.

Mwezi Desemba mwaka huohuo mama yake alihamishiwa kikazi mji mwingine, baba yake alikuwa akilala nyuma ya kibanda chake cha saa mahali ambapo hata kitanda cha mtoto kisingeingia, ndipo marehemu akaletwa kwa bibi, kwenye vyumba viwili nyuma ya karakana ya mpiga chapa, ambako mashine ikianza kazi asubuhi vijiko vilikuwa vinacheza ndani ya vikombe. Alikuwa mtoto mcheshi, mwenye maswali mengi, aliyependa kubonyeza kila kitu chenye kitufe, na mnaomjua kama mtu wa kukaa karibu na mlango mtashangaa kusikia kwamba mpaka umri wa miaka sita hakuwa akiogopa kitu chochote, labda kuku.

Jambo lililombadilisha lilitokea Jumamosi, tarehe 6 Juni 1987, na bibi ameagiza lisemwe wazi, kwa kuwa lilianza kwa mkono wake. Bibi alikuwa msafishaji katika jengo la ofisi la ghorofa sita, na Jumamosi alikuwa akienda na mjukuu wake, na siku hiyo, akiwa amepiga magoti ghorofa ya tatu anasugua sakafu, akakumbuka kwamba brashi ndogo ameiacha ghorofa ya tano, na mtoto aliyekuwa akimwomba kila wiki apande lifti peke yake kama mtu mzima akaruka juu na kusema, "Niende mimi, Bibi, niende mimi!" naye bibi, goti likimuuma, akasema, "Haya nenda, bonyeza tano, chukua brashi, rudi, usishike kitu cha watu." Akapanda salama, akaichukua brashi, na wakati wa kushuka, saa kumi kasorobo jioni, umeme ukakatika, lifti ikasimama katikati ya ghorofa ya nne na ya tatu, ikanyamaza kama mtu aliyemeza neno.

Mlinzi alipanda baiskeli kwenda kumtafuta fundi, na bibi akabaki ameweka mdomo kwenye ufa wa ile milango ya chuma, akisikia mtoto anagonga kuta kwa viganja, anagonga, anagonga, kisha ile sauti ndogo ikatoka juu gizani, "Bibi, upo?" naye akajibu, "Nipo," na baada ya muda tena, "Bibi, upo?" na tena, "Nipo, mama," na kila bibi alipochelewa kujibu, hata kwa kukohoa tu, viganja vilianza upya. Kwa muda wa saa tatu na nusu hawakusema jambo jingine la maana. Lakini juu, ghorofa ya nne, kulikuwa na vyumba viwili vya mwalimu wa fidla, na mwalimu huyo, asiyejua kabisa kilichokuwa kikiendelea chini yake, alikuwa amekaa dirishani anafanya mazoezi kwa mwanga wa jioni, na sauti ya fidla ikashuka ndani ya lile shimo la lifti, nyembamba, na mtoto akawa anatulia inapolia, na kuita inapokoma. Saa moja na robo milango ilipopanuliwa kwa nondo, mtoto alivutwa nje gauni limelowa, brashi ingali mkononi, na hakulia, ila aliuliza, "Bibi, kile kilichokuwa kinaogopa pamoja na mimi ni nini?"

Elimu ya msingi aliianza mwezi Januari 1988 na kuimaliza mwaka 1994, na mwezi uleule alioanza shule alianza fidla kwa mwalimu yule, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye aliposimuliwa habari ya lifti alikaa chini, akavua miwani, akasema, "Na mimi siku ile nilikuwa nakosea kila mstari," na wakapatana kwamba bibi atasugua vyumba vile viwili kila Jumapili na mtoto atafundishwa. Marehemu alipanda kwa ngazi, hatua themanini na nne hadi ghorofa ya nne, akizihesabu kwa sauti, na tangu siku ile mpaka anafunga ndoa hakuingia tena kwenye lifti.

Nyumbani alikuwa akifanya mazoezi chumba cha ndani mlango umefungwa, maana alisema fidla haitoki vizuri mlango ukiwa wazi, lakini akishafunga anaogopa, kwa hiyo bibi aliweka kigoda nje ya mlango huo, akiwa anachambua mchele au anashona kifungo, na kila wimbo ulipokwisha ilisikika, "Bibi, upo?" "Nipo." Majirani wakaizoea, wakaifanya mchezo, na mpiga chapa siku moja alizima mashine yake makusudi ili aitike kwa kelele, "Tupo sote, mama, wewe piga!" na uwanja mzima ukacheka, lakini ndani kukawa kimya, fidla haikuendelea, mpaka bibi alipowapigia wenzake jicho na kusema peke yake, "Nipo." Hakutaka kujibiwa na mtu mwingine, na bibi anaomba mlikumbuke hilo kwa sababu litahitajika kabla hatujatoka hapa.

Elimu ya sekondari aliimaliza mwaka 1998, baba yake akafariki mwaka 1999, na kuanzia mwezi Septemba 2000 hadi Julai 2003 alisoma chuo cha muziki, akamaliza kwa daraja la pili, na huko ndiko ulikojulikana ule mkono wake. Wapiga fidla wanalifahamu jambo hili, sisi wengine ilibidi tuelezwe: mtu akishikwa na hofu mbele ya watu, mkono wa kulia unatetemeka, upinde unarukaruka juu ya uzi, na sauti iliyotakiwa kuwa ndefu kama pumzi inatoka vipande vipande. Marehemu aliificha hali hiyo kwa ujanja mwingi, alianza upinde karibu na mkono, alikwepa nyimbo za polepole, alivaa mikono mirefu, na aliporudi nyumbani baada ya mtihani alimwambia bibi yake, "Leo haukuonekana," kama mtu anayeficha kidonda.

Tarehe 2 Februari 2004 aliajiriwa katika okestra ya jiji, safu ya pili ya fidla, akaomba kiti cha nyuma kabisa kilichokuwa karibu na mlango, na kutokana na hilo wenzake, ambao leo mmejaa pale upande wa kushoto, mkamwita Bi Mlango. Alikaa kiti hicho miaka kumi na minane. Kiongozi wa okestra, ambaye hakuwa mtu mbaya lakini ulimi wake ulikuwa na makali, alikuwa akisimamisha mazoezi na kuuliza mbele ya watu sitini, "Bi Mlango, leo unatupigia fidla au unapepeta?" na watu wakicheka, naye akicheka, na usiku wa onyesho akitapika kabla ya kwenda jukwaani, kila onyesho, miaka yote hiyo, jambo ambalo hata mume wake alilijua baadaye sana.

Kuhusu ndoa, bibi anasema Mungu naye ana utani wake, maana katika wanaume wote wa mjini marehemu alimpata fundi wa lifti. Ilikuwa mwezi Machi 2007, kijana huyo alikuwa akitengeneza lifti ya ukumbi wa muziki, akawa anamwona kila siku dada mmoja anapanda ngazi za ghorofa tano na fidla mgongoni, mpaka siku moja akashindwa kuvumilia, akamwambia, "Dada, hii naitengeneza mimi, ukikataa kuipanda ni kama unanikataa mimi," naye akamjibu akiwa anahema, kidole kwenye lifti, "Wewe sina neno nawe, huyo ndiye hatujazungumza naye." Basi fundi akaizima, akamfungulia milango, akamwonyesha nyaya, breki na kila skrubu, na ikachukua miezi minane mpaka dada akakubali kuingiza mguu mmoja. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 19 Desemba 2009, katika ukumbi uliokuwa ghorofa ya saba, wote wawili wakapanda kwa ngazi, bwana harusi amebeba viatu vya bibi harusi mkononi, na wageni waliopanda lifti wakawasubiri juu nusu saa nzima. Mungu aliwajalia mtoto mmoja wa kike, tarehe 3 Oktoba 2011, yule tunayemwita Chiriku kwa kutofunga mdomo, ambaye mmemwona leo amekaa kimya pale mbele, na kimya chake kinatuogopesha.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa. Mwezi Aprili 2021 kidole kidogo cha mkono wa kushoto cha marehemu kilianza kuteleza kwenye uzi, kinawekwa kinatoka, kisha nyama ya kiganja ikaanza kucheza yenyewe chini ya ngozi, naye akaogopa, hakumwambia mumewe, hakumwambia mama yake ambaye ni mtu wa hospitali, alimwambia bibi peke yake, jikoni, na bibi akacheka kidogo ili kumtoa hofu, akasema, "Ni woga huo, mama, mkono wako si ndivyo ulivyo tangu zamani?" akamchemshia maji, akatia chumvi, akamkanda. Maneno hayo bibi ameagiza yasomwe neno kwa neno. Woga wa marehemu ulikuwa mkono wa kulia, mkono wa upinde, watu wote tulijua, na hiki kilikuwa kidole cha kushoto, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza mbona woga umehama mkono. Miezi kumi na saba alikandwa na maji ya chumvi.

Tarehe 12 Septemba 2022, baada ya kuangusha sufuria na Chiriku kumsimulia baba yake, alifikishwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, akapimwa kwa sindano na kwa nyaya, na daktari akawaambia kwa upole kwamba zile njia zinazopeleka amri ya ubongo kwenye misuli zinakufa, kwamba itaanza mikono, ifuate miguu, kisha kumeza, kisha pumzi, na kwamba dawa ya kuuzuia haijapatikana popote. Mumewe alishika ukuta. Marehemu aliuliza swali moja tu, "Kidole gani kitafuata?" na daktari akasema katika kazi yake yote hajawahi kuulizwa hivyo. Bibi alimfuata daktari kwenye korido, akamuuliza kama angeletwa mapema ingekuwaje, naye akamjibu, "Mama, tungejua mapema, lakini tusingeuzuia," na maneno hayo bibi anayameza kila asubuhi kama kidonge, na asubuhi nyingine hayafanyi kazi.

Aliacha kazi okestra tarehe 31 Oktoba 2022, na jioni hiyo, amekaa kitandani na fidla mapajani, aliwaambia mumewe na bibi yake, "Miaka kumi na minane nimepiga vitu vilivyoandikwa na watu wengine, na mkono nauficha. Nataka nipige vyangu, na mkono usikike." Hivyo ndivyo ilivyoanza albamu yake, ile aliyoiita Ghorofa ya Tatu na Nusu, nyimbo tisa, na wengi wenu mnaijua kwa kuwa mmeicheza kwenye sherehe, lakini si wengi mnaojua ilivyotengenezwa. Alikuwa anashindana na vidole vyake. Wimbo wa kwanza aliurekodi angali na vidole vinne, ule wa dansi wa haraka, ule ambao watu wa saluni wanaupenda, na kidole kidogo kilipolala kabisa aliupanga wimbo uliofuata kwa vidole vitatu, na kilipolegea kingine akaupanga kwa viwili, kwa hiyo ukiisikiliza kwa mpangilio unamsikia anavyopungukiwa, wimbo kwa wimbo, huku muziki wenyewe unazidi kutanuka kuliziba pengo: wimbo wa tatu ameingia dada anayeuza duka la dawa, anarap kama anagombana na mteja, wa tano wameingia wanawake wa kwaya, na wa sita ngoma yake si ngoma, ni mashine ya lifti aliyoirekodi mumewe kazini, inapanda, inagonga, inafungua.

Watu walisema. Wa okestra walisema amekwenda kupiga muziki wa saluni, wa muziki wa vijana walisema huyu dada anatuletea mambo ya ukumbini, na hata bibi, alipopigiwa ule wa tano mara ya kwanza, aliuliza, "Sasa mjukuu wangu, huu ni wa kuchezea au wa kulilia?" naye akajibu, "Anza na unachoweza, Bibi." Kiongozi wa okestra aliusikiliza muziki huo wote kwa vipokea sauti vya masikioni, akaja nyumbani bila taarifa, akasimama mlangoni kofia mkononi, akasema, "Bi Mlango, kumbe muda wote ule ulikuwa unasema kitu," na ndiyo siku pekee tuliyomwona marehemu akilia kwa ajili ya muziki.

Wimbo wa tisa ulirekodiwa Alhamisi, tarehe 19 Oktoba 2023, katika studio iliyokuwa stoo zamani, kuta zimebandikwa trei za mayai, chini ya fundi mitambo ambaye kila mtu anamwita Ukimya kwa sababu ndilo neno lake. Mkono wa kushoto ulikuwa umekwisha, hauwezi kubonyeza uzi wowote, mumewe aliishika fidla kwa chini isianguke, na marehemu akawa na nyuzi nne tupu na upinde, basi, sauti nne tu duniani. Chumba kilikuwa kidogo na mlango wake mnene, na aliogopa, akaomba bibi aketi ndani, kwenye kigoda, mlangoni. Ukimya alimwinamia bibi, akamwonyesha taa juu ya mlango, akamwambia, "Bibi, taa nyekundu ikiwaka, hata kikohozi umeze, maana hatutaweza kurudia, mwenyewe unaona hali yake," na bibi akaapa.

Taa ikawaka. Akapiga. Upinde ulitetemeka tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuuficha, na hakuna aliyejua tena upi ni ugonjwa na upi ni woga, ulitetemeka kwenye zile nyuzi tupu mpaka nywele za shingo zikatusimama sisi tuliokuwa nje ya kioo, kisha akashusha mkono, na kabla fundi hajazima, akiwa amefumba macho, akaita kwa sauti ileile ya lifti, "Bibi, upo?"

Bibi aliitazama taa nyekundu. Alikuwa ameapa, na aliambiwa hakuna kurudia, na aliogopa kumharibia kazi ya mwisho ya mkono wake, akafunga mdomo kwa kiganja, akameza. Zilipita sekunde kumi na moja, Ukimya alizihesabu kwenye mashine. Taa ilipozimika bibi aliruka na kusema, "Nipo, mama, nipo, nipo!" lakini tayari lile pengo lilikuwa limerekodiwa tupu. Ukimya akasema si kitu, tutamrekodi bibi sasa hivi tulibandike neno lake mahali pake, na marehemu akakataa, akasema, "Acha hivyohivyo. Mle ndani ndivyo ilivyokuwa, unaita halafu unasubiri," kisha akamgeukia bibi, akatabasamu, akamwambia, "Nafasi yako ipo, Bibi. Utaitika ukiwa tayari."

Albamu ilitoka Ijumaa, tarehe 1 Desemba 2023, ikapigwa kwenye maduka na teksi, ila wimbo wa tisa redio ziliukwepa, na mtangazaji mmoja aliyeuweka, ule ukimya ulipofika, aliingia haraka akasema, "Samahani wasikilizaji, mitambo," na marehemu akacheka mpaka akapaliwa. Bibi hakuwahi kuusikiliza mpaka mwisho. Kila ulipokaribia alikumbuka ana kitu jikoni. Chiriku siku moja aliitika badala yake, "Nipo!" kwa utani, na mama yake, ambaye maneno yalikuwa yameanza kumwia mazito, akamwambia taratibu, "Si wewe, mwanangu, hiyo ya mwenyewe."

Mwezi Aprili 2024 upinde ulianguka na haukuokotwa tena, mwezi Julai alikaa kwenye kiti cha magurudumu, akaomba mlango wa chumba chake ung'olewe kabisa kwenye bawaba ili usije ukajifunga, na mumewe akaung'oa, na mpaka leo uko umeegemezwa koridoni. Mwezi Novemba 2024 sauti ilikwisha, na kabla haijakwisha alimwambia mumewe jambo moja, "Msinifunike mapema." Kuanzia hapo mwito uligeuka, bibi ndiye aliyekaa kwenye kigoda mahali mlango ulipokuwa na kuuliza, "Upo?" naye akijibu kwa kope, mara moja, yupo. Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, saa nne na robo asubuhi, jua limeingia mpaka kitandani, mama yake amemshika mkono na mumewe amemshika mguu, bibi aliuliza, "Upo?" akasubiri, akauliza tena, akasubiri, na muuguzi ambaye ni mama yake akainamisha kichwa. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja na siku mbili atimize miaka arobaini na minne. Ameacha mume, mtoto, mama na bibi, na bibi anakiri mbele yenu kwamba tangu Jumatano anaitazama mikono ya Chiriku kila anaposhika kikombe, ingawa daktari amemwambia asiitazame.

Familia inamshukuru daktari wa mishipa ya fahamu kwa kusema kweli bila kuharakisha, wauguzi waliokuwa wakija nyumbani kumgeuza na kumsafisha, majirani mliotuletea vyakula na kuzima redio zenu alipolala, mpiga chapa ambaye ni mzee sasa na amekuja kwa mkongojo, okestra ya jiji mliokiacha kiti cha mlangoni wazi tangu siku alipoondoka, dada wa duka la dawa, wanawake wa kwaya, na Ukimya, ambaye leo ameleta spika zake bila kuombwa.

Limebaki jambo moja. Mtu huyu aliogopa kufungiwa maisha yake yote, na sasa kuna kifuniko, na hicho ndicho kinachomnyima bibi usingizi, kwa hiyo tumeamua kisifungwe mpaka wimbo wa tisa uishe, kisha mumewe, aliyemtoa hofu ya milango mara ya kwanza, atakifunga kwa mkono wake, polepole. Wimbo una dakika nne. Mtasikia upinde unatetemeka, msidhani spika imeharibika, halafu mtasikia anaita, halafu patakuwa na nafasi. Tunawaomba, kwa heshima zote, mtu yeyote asikohoe, asilie kwa sauti, na asiitike, hata kwa upendo, maana nafasi hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe ameketi hapa mbele, kwenye kigoda chake, anatetemeka, na amesema leo hana la kufanya jikoni.

Pumzika kwa amani, mama, na ukimaliza kupiga, ita.